Mwalimu Aliyekataza Daftari

Nimelala katika vyumba vya kupanga kuanzia Mtwara hadi Musoma, na karibu kila mji nilikuta nyumba ambayo ndani yake mtu anafundishwa muziki. Ukikaa upande wa pili wa ukuta kwa wiki moja, unamjua mwalimu bila kumwona. Yupo anayemkatiza mwanafunzi kila akikosea, na yupo anayemwacha akosee mpaka mwisho wa wimbo ndipo amwambie. Yupo anayepiga mwenyewe saa nzima, mwanafunzi kakodoa macho. Moshi nilimsikia mmoja aliyekuwa akicheka kila kosa, kicheko kizuri tu cha furaha, na mtoto naye anacheka. Sidhani kama yule mtoto alijifunza kitu, lakini naamini mpaka leo anaikumbuka ile saa yake ya Jumamosi.

Sasa nimerudi Tanga. Nitakaa muda gani sijui, sijawahi kujua. Nina chumba Ngamiani na wanafunzi watatu wa fidla, wote watu wazima: muuguzi, mwalimu wa shule ya msingi, na mstaafu wa bandari anayetaka kujua wimbo mmoja tu, uliopigwa siku alipooa. Kila mmoja amewahi kuniuliza, "Mwalimu, niandike?" Huwa nachelewa kujibu. Wananiona nawaza nota, kumbe nawaza alasiri moja nilipokuwa na miaka ishirini na moja.

Sisi tulikuwa Walutheri wa Nguvumali. Baba alishuka kutoka milima ya Usambara akiwa kijana kuja kukata mkonge, akamaliza kazi akiwa mnyapara. Mimi nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo nyumbani hayakuzungumzwa. Nikawa naendesha baiskeli kutwa nzima, sina ninakokwenda, na ndivyo nilivyopita siku moja barabara ya kumi na mbili, Ngamiani, nikasikia fidla kwenye ukumbi wa nyumba moja ya zamani. Nilishuka. Nilisimama pale mpaka mwenye nyumba akatoka na kuniuliza kama namdai.

"Hapana, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa umesimama mlangoni kwangu kama polisi, kuna nini?"

"Nasikiliza."

"Haya, ingia usikilize umekaa. Watu watadhani nimeiba."

Watu wote walimwita Maalim. Alikuwa karani wa reli, amestaafu, na katika kikundi cha taarab cha mtaani ndiye aliyekuwa fidla ya kwanza na mwenye neno la mwisho. Alifundisha watu wachache tu na kwa namna ambayo sijaikuta kokote tena. Mwezi wa kwanza hukugusa fidla. Ulikaa kwenye mkeka ukaimba alichopiga, kwa "la la la", mpaka aridhike. Na alipokupigia alikaa kwenye stuli akiwa ameuelekea ukuta. Ulichoona ni mgongo wake na kofia yake tu.

"Ukiniona vidole utaniiga vidole," alisema. "Vyangu vimepinda, vina miaka sitini na saba. Utataka na vyako vipinde?"

Na daftari lilikuwa marufuku. Nilipolitoa siku ya kwanza, daftari jipya la kurasa themanini na kalamu ya bluu, alilitazama kama mtu aliyeletewa samaki aliyelala.

"Hilo la nini?"

"La kuandika, Maalim."

"Utaandika nini, na wimbo bado haujaingia? Na ukishaingia, utaandika wa nini?"

Nilichukia, sifichi. Kwa sababu Maalim hakupiga wimbo sawasawa siku mbili. Jumatatu angerudia mshororo wa mwisho wa ubeti mara mbili kisha fidla ikapokea. Jumatano mara nne. Alhamisi mara moja, tena akaburuta upinde katikati kama anayemngoja mtu. Nikimuuliza ipi ndiyo sahihi, anajibu, "Zote." Nilidhani uzee. Nilidhani anasahau.

Baadaye mwaka ule fidla ya pili wa kikundi alihamia Unguja, na kiti chake kikabaki wazi. Sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyokitaka kile kiti cha plastiki cha kushoto kwa Maalim. Baba aliliona hilo, na alikuwa mtu wa haki kwa namna yake.

"Rafiki yangu kule shamba la Mwera anatafuta karani wa mizani," aliniambia. "Nimemwomba akungojee mpaka baada ya Idd. Ukikipata hicho kiti chako, kaa na Waislamu wako, mimi sina neno. Usipokipata, Jumatatu inayofuata unakwenda kupima mkonge."

Nilimweleza Maalim hayo, naye alikuwa amekwisha sema lake. Baada ya Idd kulikuwa na harusi kubwa mtaani, na shughuli ya wanawake ingekuwa na taarab kuanzia alasiri. Ningepiga nyimbo nane nikiwa ubavuni kwake. "Nikuone mbele za watu," alisema. "Kwenye mkeka kila mtu hodari."

Hapo kati ukaingia Ramadhani. Siku ya mwisho ya Shaabani Maalim alizifunga fidla zote kwa vitambaa, pamoja na ile aliyoniazima, akazitia kabatini akafunga kwa ufunguo. Mwezi mzima hapigi mtu.

"Na nyimbo, Maalim? Nitazisahau."

"Zitakaa. Nyama ikikaa kwenye limau inakuwaje? Inalainika. Waache watu wafunge kwa amani."

Nilitoka pale nahesabu. Nyimbo nane, siku thelathini, sina fidla wala sauti moja iliyoandikwa. Nikakunja kuelekea nyumbani, na badala ya kwenda nyumbani nikabisha nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Hapo aliishi mjane wa Kishambaa aliyefundisha kinanda watoto wa usharika wetu. Sote tulimwita Mama Mwalimu. Alikuwa na kinanda cha zamani cha kukanyaga, kimoja kati ya vibao vyake vya miguu kimefungwa kwa mpira wa baiskeli, na alifundisha kinyume kabisa cha Maalim. Kwake kila kitu kilikuwa karatasini. Mtoto hagusi kinanda mpaka asome solfa yote, do re mi, kwa sauti, huku Mama Mwalimu yuko jikoni anachambua maharage. Akisikia kosa alipiga sufuria kwa mwiko, mara moja, na mtoto alijua mahali pa kurudia. Alinakili nyimbo kwa karatasi ya kaboni, akawapa watoto nakala, akazihesabu.

"Mimi nilifundishwa na mzee mmoja kule Lushoto," alizoea kusema. "Alikuwa na nyimbo za kujaza kanisa, zote kichwani. Akafa Jumanne. Jumapili tukaimba mbili." Alisema hivyo kwa ukali, kama vile yule mzee alifanya makusudi.

Nilipomweleza shida yangu, uso ulimng'aa.

"Huyo Maalim wako hataki ziandikwe?"

"Hataki."

"Naye ana miaka mingapi?"

"Sitini na saba."

"Basi keti. Imba."

Tulikaa jioni tisa. Mimi nikaimba, yeye akatafuta sauti kwenye kinanda, akaandika kwenye daftari langu d, r, m, zimenyooka kama mahindi shambani. Alinitania sana. "Hao wa Ngamiani wanalivuta neno moja mpaka maziwa yanaganda." Nami nilimwambia Maalim anavyotusema: kwamba sisi wa kanisani tunaimba kama tunasoma tangazo la serikali. Alicheka mpaka akaegemea kinanda, kikalia.

Wimbo wa tano ndio uliokuwa mzuri kuliko yote, wimbo wa kumsifu bibi harusi na waliomlea. Tulipofika mwisho wa ubeti, Mama Mwalimu aliinua kalamu.

"Mshororo huu unarudiwa mara ngapi?"

Nilijaribu kukumbuka. Mara moja? Nne?

"Inategemea," nikasema.

"Inategemea nini?"

Sikujua inategemea nini. Sikuwahi kumuuliza Maalim hivyo. Na Mama Mwalimu alikuwa amenitazama, kalamu hewani, anangoja namba.

"Mara mbili," nikamwambia.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akaandika mbili, akaizungushia duara.

Ramadhani nzima nilishinda na lile daftari. Nililisoma baiskelini, nikalisoma kitandani, nikapiga nyimbo zote nane kwenye ubao wa kitanda kwa vidole vitupu. Idd ilipokwisha na kabati likafunguliwa, nilipiga mbele ya kikundi chote bila kukosea hata mara moja. Mpiga dumbaki alinipigia makofi. Yule mwimbaji wetu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kupenya ukuta, tuliyemwita Shangazi, alisema, "Alaa! Mkristo wa Maalim kaiva." Kwenye mazoezi Shangazi mwenyewe alirudia ule mshororo mara mbili, kwa kuwa hakukuwa na mtu mbele yake wa kumfanya arudie zaidi. Maalim peke yake ndiye hakunisifu. Alinitazama kwa jicho la mtu aliyeonja mchuzi akahisi kuna kitu, hajui ni kipi.

Siku ya harusi turubai lilifungwa kutoka nyumba hii hadi ile ya pili yake. Wanawake walikaa kwa mistari, wamejifukiza udi, wamevaa sare za rangi ya zabibu. Tulianza mara baada ya sala ya Alasiri. Nyimbo nne za kwanza zilikwenda vizuri mno. Nilikaa kiti cha kushoto, kile kile, na nilianza kujiona mwenyeji.

Wimbo wa tano ulipoanza, bibi mzaa mama wa bibi harusi aliinuka. Alikuwa ametoka Pangani kwa ajili ya siku hiyo, naye ndiye aliyemlea yule binti tangu akiwa mchanga. Alikuwa mdogo wa umbo, mgongo umepinda, mkono mmoja fimbo, mkono wa pili kanga mpya ambayo haijakatwa. Kila mtu pale alijua anachokwenda kufanya. Anakwenda kumtunza mwimbaji, kumvika ile kanga mabegani mbele za watu, kama ilivyo desturi, kwa niaba ya mjukuu wake. Wanawake wakaanza kupiga vigelegele. Lakini alikuwa amekaa mstari wa nyuma kabisa, na alitembea hatua moja, akapumzika, hatua nyingine.

Shangazi alimwona. Akaushika mshororo wa mwisho wa ubeti akaurudia. Akaurudia tena huku amemnyooshea mikono.

Mara mbili. Nami nikaingia.

Niliingia kwa nguvu, na upinde mrefu, kwa raha ya mtu anayejua. Mpiga dumbaki akasikia fidla, akadhani Maalim ndiye aliyeashiria, akanifuata. Akodiani nayo ikafuata. Wimbo ukaondoka. Nilipogeuza macho nikaona upinde wa Maalim bado uko hewani, haujagusa uzi, na Shangazi kafungua mdomo hana pa kuuweka mshororo wake.

Alikuwa mzoefu. Alicheka kwenye kipaza sauti: "Jamani, fidla yetu leo ina haraka, imeacha chungu motoni!" Watu wakacheka. Lakini bibi yule alikuwa amefika katikati ya turubai. Alisikia wimbo umebadilika, akasikia watu wanacheka, akasimama. Akatazama mbele, akatazama nyuma. Nadhani alidhani nafasi yake imepita, au kwamba inayochekwa ni miguu yake. Aliikunja ile kanga kwapani, akageuka, akaanza kurudi kwenye kiti chake, hatua moja, akapumzika, hatua nyingine.

Shangazi alisimamisha wimbo, tukaanza upya. Wanawake walimwendea bibi, wakamshika mikono, wakamsihi. Akatikisa kichwa. "Nimechoka, wanangu. Endeleeni tu." Hakuinuka tena.

Asubuhi yake nilikwenda barabara ya kumi na mbili na daftari ndani ya shati.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Umelala?"

"Sikulala."

"Vizuri."

Nikamwekea daftari mapajani. Alilifungua, akalishika karibu na macho, akalishika mbali. Hakujua solfa.

"Nani kaandika? Mwandiko mzuri."

"Mama mmoja wa kwetu. Mimi nilimwimbia."

"Soma hapa." Aliweka kidole wimbo wa tano. Nikamwimbia toka karatasini. Akatikisa kichwa taratibu, akifuatisha. "Huyu mama ana sikio," alisema. "Hajakosea hata sauti moja. Na hii duara nini?"

"Mbili. Mara za kurudia."

"Nani kamwambia mbili?"

"Mimi."

"Na wewe nani kakwambia?"

Alilifunga daftari, akanirudishia. Nilitegemea alichane au anifukuze. Badala yake aliingia ndani, nikamsikia anamwambia mkewe chai ingoje, akatoka amevaa kanzu na fidla yangu mkononi.

"Bibi yuko hapa barabara ya kumi na tano mpaka fungate iishe. Twende."

Tulimkuta uani, kakaa kwenye mkeka, miguu kainyoosha. Maalim alimsalimia kirefu, wakaulizana watu wa Pangani, waliokufa na walio hai. Kisha akasema, "Mama, nimemleta mwizi wako."

Bibi alinitazama. "Huyu ndiye fidla?"

"Shikamoo, bibi. Naomba radhi."

"Marahaba. Radhi ya nini? Mimi mwenyewe ndiye mwenye miguu mibovu."

"Miguu yako haina kosa, bibi. Kosa langu. Sikukungoja."

"Ungeningoja mpaka lini?" Alicheka, meno mawili. "Mimi natoka pale inaadhiniwa Alasiri, nafika hapa inaadhiniwa Magharibi."

"Mwambie akungoje sasa," Maalim alisema, akaketi kizingitini.

Sikuelewa mara moja. Bibi alielewa. Alimwita mjukuu wake, bibi harusi mwenyewe, mikono bado ina hina mbichi rangi ya kahawa, akamwambia akae kwenye stuli kule mwisho wa ua, karibu na pipa la maji. Akaagiza ile kanga. Akashika fimbo, akainuka.

Hakukuwa na mwimbaji, kwa hiyo niliupiga mshororo mwenyewe. Bibi alipiga hatua moja. Nikaurudia. Akapumzika, akarekebisha kilemba kichwani kwake kama aliye mbele ya kioo, nikaurudia. Katikati ya ua alikuta kuku, akamfukuza kwa fimbo, akamtukana kidogo, nami nikaupunguzia mshororo mwendo mpaka kuku apite. Safari hii niliyatazama magoti yake tu. Yalipotetemeka nilivuta upinde pole, yalipotulia nikauinua. Mara ya ngapi sijui. Baada ya muda niliacha kujua kwamba narudia. Kila mara ulikuwa mshororo mwingine, kwa sababu kila mara bibi alikuwa mahali pengine. Alipofika alimvika mjukuu wake kanga, taratibu, akaivuta pembe zote mbili zilingane. Ndipo nikapokea.

Binti alikuwa analia. Bibi alimwambia aache, wanja utamwagika.

Tulirudi kwa miguu, mimi nasukuma baiskeli, Maalim mbele. Nilijua nimepiga vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nilingoja aseme. Barabara ya kumi na nne ikapita, ya kumi na tatu ikapita. Nikashindwa kuvumilia.

"Maalim, na kiti?"

"Kiti gani?"

"Kiti cha fidla ya pili."

"Nimeshampa mtu. Kijana wa Muheza. Nilimpa jana ile ile, kabla hatujala pilau."

Nilisimama katikati ya barabara, mtu wa mkokoteni akanipigia kelele nimpishe.

"Sasa leo ulinileta kufanya nini?"

"Kuomba radhi. Kwani wewe ulidhani umekuja kwenye mtihani?"

Nilidhani hivyo hasa. Alinitazama, na naona hasira yake, kama ilikuwapo, ilikuwa imekwisha kule uani.

"Lini unakwenda Mwera?"

"Jumatatu."

"Mabasi yapo. Ijumaa mnafanya kazi?"

"Tunafanya."

"Jumapili je?"

"Jumapili hapana. Lakini Jumapili, Maalim, mimi..."

"Unasoma tangazo la serikali, najua. Linaisha saa ngapi?"

"Saa nne. Mchungaji akijisahau, saa tano."

"Hunifai saa tano. Njoo saa mbili, na fidla uende nayo, usiiache kabatini kwangu ikanipotezea nafasi. Na yule mama yenu mwenye sikio mwambie namsalimu. Mwambie nina nyimbo thelathini hazijaandikwa na mtu, akitaka aje akae hapa ukumbini na mke wangu, nitampigia. Ila pale pa namba aache wazi."

Akanipa fidla, akaingia ndani kunywa chai yake. Niliifunga kwenye keria kwa mpira, nikaijaribu mara mbili kama imeshika, nikapanda baiskeli kwenda Nguvumali kumwambia baba kwamba Jumatatu atanikuta kwenye basi la Mwera, na kwamba Jumapili asinitafute kanisani.